Siyo Ganzi

Fomu ina kisanduku kimoja: *Ganzi. Ndiyo. Hapana.*
Kalamu imefungwa kwa uzi mezani isiibwe.
Taprandich amevua raba, akaziweka kando
kama mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba yenye zulia.
Katika unyayo wa kulia kuna kishimo,
kidogo, cha manjano. Nakipita.

"Ganzi?"
"Siyo ganzi. Ganzi naijua.
Ganzi ni ya kanisani, umekalia mguu, mahubiri yakawa marefu.
Ukisimama, mguu umekuwa wa jirani,
unauazima hadi mlangoni, unaupigapiga, unarudi.
Huu haurudi."

Naandika *haurudi* pembeni.

"Basi ni mwasho?"
"Mwasho una jibu lake kwenye ukucha.
Upupu unawasha, sweta mpya ya sufu inawasha.
Hapa nikijikuna, najikuna juu ya soksi,
na soksi sijavaa."

Ukungu wa Molo umeingia kupitia kioo kilichovunjika,
unakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa.
Nina maneno ya shuleni, nayamwaga mezani:
kuchonyota? kutekenywa? mzizimo?
Anayapekua kama mtu anayechagua viazi mbegu.
Kuchonyota ni chumvi kwenye kidonda, analirudisha.
Kutekenywa kuna mtu wa pili na kicheko, analirudisha.
Mzizimo analishika kidogo.
"Hili ni la saa kumi alfajiri. Liache hapo."

Kisha anagusa shavu.
"Unaijua pareto?
Tulichuma tangu nikiwa msichana, kule juu, Keringet.
Jua likitoka, vumbi la maua linakupanda usoni
na uso unaanza kutembewa.
Si maumivu. Ni kama wadudu wasio na miguu.
Ukijifuta kwa kiganja, ndiyo kwanza umewaita.
Sisi tulisema: *leo maua yamenisalimu.*
Sasa yananisalimu miguuni, usiku,
na pareto tuling'oa zamani, tukapanda njegere."

Mwalimu wetu alipenda kusema
kwamba ndani ya *kusisimka* wamelala sisimizi.
Sijui kama ni kweli. Namwambia Taprandich, anacheka,
anakunja sketi hadi gotini:
"Na hivi vinywele, si mnaviita malaika?
Tazama. Wangu walihama."
Muundi unang'aa kama mpini wa jembe.

"Juzi nilisikia harufu ya kitu kinaungua.
Nikatazama sufuria. Nikatazama mwiko.
Mwisho nikatazama mguu."

Anasema hivyo bila kupandisha sauti,
kama anayetaja bei ya kabichi.

"Funga macho. Nikikugusa, sema ndiyo."
Uzi wa nailoni kwenye kidole gumba. Kimya.
Kwenye kisigino. Kimya.
Kando ya kile kishimo, mara mbili. Kimya,
ila mvua, ila mtoto wa mtu akikohoa koridoni.
Nimeshaweka uzi mezani, mikono yangu iko magotini, anaposema,
"Ndiyo. Hapo. Ndiyo."

Simwambii.

Natia alama kwenye Ndiyo, maana fomu inataka alama.
Nageuza karatasi, nyuma kuko tupu,
naandika soksi, jirani, mzizimo wa saa kumi,
wadudu wasio na miguu.
"Umeandika pareto?"
"Nimeandika."
"Kwa herufi kubwa. Ilinisomeshea watoto wanne."
Nafuta ile p, naiandika upya.

Anachukua raba ya kulia. Anaipindua, anaigonga ukutani
kama anayefukuza nge.
Punje ya mahindi inaanguka,
inadunda kwenye saruji mara moja, mara mbili, inaingia chini ya kabati.
Tunaitazama ilipopotelea.
"Jumapili," anasema, "nilikuwa ninapukuchua.
Leo ni lini?"
Leo ni Alhamisi.