Kitabu cha Wageni

Tairi la nyuma lilitoboka tukiingia Kondoa,
kirikuu imejaa madumu ya alizeti ya Haneti.
Fundi akasema nusu saa. Tukajua ni mbili.
Sechelela akanunua karanga za mia tano,
tukaufuata ukuta mweupe hadi penye geti dogo
lisilo na kufuli.

Mimi ndiye niliyetaka kuingia.
Yeye aliuliza, "Makaburi ya Wazungu yana nini?"
kisha akafunga upya kitenge, akainama kidogo,
kama mtu anayeingia kwa wakwe.

Ndani mawe yamesimama foleni,
mapana sawa, marefu sawa,
jina, namba, kikosi, umri.
Nikayasoma kwa sauti:
kumi na tisa. Ishirini na mbili. Kumi na tisa tena.
Mmoja, mama yake alilipia mstari mzima chini ya jina,
kwa herufi ndogo, za kunong'onea mtoto aliyelala.
Nilimwonea huruma. Sikatai.
Mtoto wa watu, kuvuka bahari yote ile
aje auawe na mbu wa Kondoa.

Nikaanza, "Wapiganapo fahali wawili..."
"Usinimalizie," akasema Sechelela.
"Nyasi za hapa hupigwa mashine. Tazama zilivyo."

Na kweli, mwezi wa tisa, vilima vyote vimekauka,
vumbi jekundu hadi kwenye kope za mbuzi,
na hapa kijani, kijani tupu,
na Shwaibu mtunza bustani ameshika mpira wa maji.

"Wapagazi wako upande gani?" akamuuliza.
Shwaibu akanyoosha kidevu nje ya ukuta:
korongo, mbigiri, mfuko wa rambo umenasa mwibani.
"Labda huko. Labda njia nzima.
Mimi nimekabidhiwa mawe haya tu."

Baba wa bibi yake Sechelela
alichukuliwa shambani, uwele umemfika gotini,
jembe likabaki limesimama kwenye udongo.
Ratili sitini kichwani,
na juu yake sufuria ya mtu mwingine.
Hakurudi.
Ng'ombe wakaenda na askari wa huku,
mtama ukaenda na askari wa kule,
mvua nayo ikaenda, haikusema na nani.
Mtunya.
Kwao Mvumi hawautaji mwaka kwa tarakimu,
wanasema Mtunya, halafu wananyamaza,
kama mtu aliyeuma jiwe kwenye ugali.

Bibi alikuwa wa mgongoni, hajaota jino.
Dada yake, wa miaka saba au minane,
alipelekwa kwa watu waliokuwa na uwele,
mama akarudi na pishi mbili.
Pishi mbili.
Sechelela alinihadithia haya akimenya karanga,
maganda akiyatia mfukoni
asichafue.

Ukutani kuna kijimlango cha chuma,
ndani yake kitabu cha wageni,
na kalamu imefungwa kwa uzi wa kiroba.
Tarehe. Jina. Utokako. Maoni.
Wa mwisho alikuja mwezi wa sita,
akasifu usafi.
Sechelela akaandika taratibu, akibonyeza,
herufi zikatokeza upande wa pili wa karatasi:
*Chilewa wa Mahinyila. Mvumi.*

"Dada," akasema Shwaibu, "hapo ni jina lako wewe."
"Mimi tairi limenileta," akamjibu. "Huyu aliletwa."

Mimi nilidhani kwenye Maoni ataacha wazi.
Alikaa na kalamu muda mrefu,
maji ya Shwaibu yakimwagikia mahali pamoja
mpaka pakawa tope,
kisha akaandika:
*Mzigo ulifika?*

Simu ikalia. Fundi: tayari, elfu saba.
Sechelela akasema elfu tano,
akasema kwa ukali
ambao tairi halikuustahili.