Nakala ya Kaboni

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani
katika chama cha msingi, huku kwetu Uru.
Nimeona gunia la kahawa likiguswa goti
likaongezeka kilo mbili.
Nimeona jiwe chini ya sahani,
dogo kama punje ya haragwe,
likila jasho la mjane msimu mzima.
Kwa hiyo usiniambie, Elingaya, "ni moja tu."

Umeme ulikatika saa mbili na robo.
Mwalimu Kundaeli aliinua taa ya sola
juu ya madawati manne yaliyounganishwa.
Nyuma yake, ubaoni, chaki ya Ijumaa:
KUTOA KWA KUKOPA.

Daftari lilisema: waliopiga, mia mbili na kumi na tano.
Sanduku likasema: mia mbili na kumi na nne.
Tukahesabu tena.
Sanduku halikubadili kauli.
Polisi akapiga mwayo mlangoni.
Elingaya, wakala wa upande ule, akacheka:
"Mama Aikande, mtu wako anaongoza kwa sitini na kitu.
Hiyo moja ya nini? Ya kuungia ndizi?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilisema: rudia.

Mara ya tatu mwalimu alifuta vidole kwenye suruali,
akazichukua moja moja,
akizigeuza kwenye mwanga, mbele, nyuma,
mpaka ya mia na themanini na mbili
ikatoa mlio mdogo, wa ganda kavu la mgomba linapochanika,
ikawa mbili.
Utomvu.
Mtu alitoka kukata mkungu, akaja kupiga kura
na mikono ileile,
na kura yake ikaikumbatia ya jirani, uso kwa uso.
Iliyofichwa ilikuwa na alama ya vema
kwa mgombea wa Elingaya.
Hakucheka tena. Aliitazama
kama aliyerudishiwa chenji asiyojua kuwa anadai.

Tukaandika: mia moja thelathini na saba,
sabini na sita, zilizoharibika mbili.
Tukasaini.
Nami nikapewa nakala ya chini kabisa,
buluu yake imefifia kama mshipa wa mkono wa bibi.
Nikaikunja, nikaitia kifuani, penye hela ya nauli.

Mjini Moshi, alfajiri, ukumbi wa majumlisho:
viti vya plastiki, chai ya rangi, sukari imekwisha.
Vituo vilisomwa mmoja baada ya mwingine
kama mahudhurio ya darasa lisilo na watoto.
Tulikuwa tumelala macho wazi.
Kisha kikasomwa chetu:
"Mia moja sabini na tatu..."

Watu wetu wakapiga makofi.
Mimi nilisikia goti likigusa gunia.

Thelathini na sita.
Watu thelathini na sita ambao hawakusimama
na matope yetu kwenye foleni yetu,
ambao hawakuchovya kidole,
ambao hawana shamba, hawana deni dukani, hawana mama,
na wote walikuwa wananipigia kura mimi.

Nikasimama.
Katibu wa tawi akanivuta kanga:
"Kaa, mama. Inatufaa."
Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Haba na haba hiyohiyo hukitoboa.

Kijana wa kompyuta, macho mekundu,
akasema ni usingizi tu,
saba na tatu zimepishana njiani.
Labda.
Sikushuka kutoka Uru
kuja kuuhukumu usingizi wa mtoto wa watu.
Nilikunjua karatasi,
nikaiweka mezani,
nikangoja aisome kwa sauti.