Mia kwa Mia na Nane

Mimi ni mvunja dola, Nyawera, meza ya tatu kutoka duka la dawa.
Noti naijua kwa kidole kabla jicho halijafika.
Yenye mpasuko mdogo, kama ukucha wa mtoto mchanga,
hapa Bukavu haivuki:
dola ni ile ile, ukingo tu umeguswa,
basi inauzwa kwa hasara.

Kwa hiyo Zihindula, mdogo wangu, aliponijia na simu mkononi,
"Dada, nimepata nyumba ya pari,
ukijiandikisha tu wanakupa dola kumi,"
sikumuuliza wanatoa nini.
Nilimuuliza: ukishinda, unatokea wapi?

Akanyamaza.
Mlango wa kuingia ulikuwa mpana kama wa kanisa siku ya Pasaka.
Wa kutoka ulidai kadi ya mpiga kura, picha ya uso,
siku saba za kazi,
na zile kumi za bure zizungushwe mara kumi na mbili
ndipo ziitwe pesa.
Huyo ni mbuzi wa kuazima, nikamwambia.
Majani yako, kitoto chake.

Usiku tukafungua nyumba tatu, umeme wa SNEL ukipepesa.
Mechi moja ya Jumapili, timu mbili za mbali
ambazo wachezaji wake Zihindula anawataja kama wajomba.
Nikashika daftari la madeni, ukurasa wa nyuma.
Zile namba wanaziita kote, na kweli zimezagaa kote,
hadi kwenye kuta za Kadutu.
Gawa mia kwa kila moja, kisha ujumlishe.
Mbili na kumi. Tatu na ishirini. Tatu na arobaini.
Arobaini na nane, thelathini na moja, ishirini na tisa.
Mia na nane.

"Nane ya nani?"

Ya nyumba. Ni kitako cha gigozi
kilichogongwa kikaingia ndani:
unalipia kopo zima la unga,
unabeba pungufu, na unashukuru.
Nyumba ya pili ilikula tatu na nusu.
Ya tatu sikuimaliza, ilibadilisha namba wino ukiwa haujakauka.

"Sasa nani atashinda?"

Hilo waulize wanaopiga kelele pale Essence.
Mimi sijui kama franka itashuka kesho.
Najua tu kwamba leo, meza ya kwanza,
Nabintu anauza chini ya ninaponunua.
Ukiona wenyeji watashinda mara moja katika mbili,
na nyumba inalipa mbili na ishirini,
basi kwa kila dola kuna senti kumi chini ya jiwe.
Lakini hiyo nusu, Zihindula,
umeitoa uwanjani au kwenye jezi unayolalia?

Tukaweka dola mbili.
Dakika ya themanini na nane, bao.
La wageni.

Simu ikatupwa kitandani.
"Si ulisema bei ni nzuri!"
Ilikuwa nzuri. Hata sasa ni nzuri.
Mwavuli wa bei nafuu hauamuru mvua inyeshe.

Daftari lina pari thelathini na nne tangu mvua zianze.
Tumezidi kwa dola moja na franka mia tano.
Zihindula anaimba hesabu hiyo kwa marafiki,
na kila akiimba inanenepa.
Sijamwambia kwamba pembeni, kwa penseli,
nimeandika pia megabaiti, na saa za usingizi.
Hizo sikuzigawa kwa chochote.

Leo asubuhi akaja mzee kutoka Panzi na noti ya ishirini.
Mpasuko hata haukufika kwenye uso wa yule aliyechorwa.
Nikaiinua kwenye mwanga, nikakunja midomo kama kawaida,
nikataja bei yangu.
Akakubali. Hakuhesabu.
Akaenda zake akiteremka polepole, mkono kwenye mfuko wa koti,
na mimi nikabaki na nane yangu,
ina joto bado la kidole chake.