Simu ya Jirani

Mwezi wa kwanza sikuruhusiwa kuona chochote.
Nilichovya tu. Slaidi kumi ndani ya kikapu cha chuma:
spiriti, maji, buluu, maji, chungwa, spiriti tena,
nikihesabu kwa sauti kama kuruta wa kambi ya Bondo,
ambako baba alinifunza namba na Kiswahili kwa pamoja:
moja, mbili, moja, mbili, nyuma geuka.
Bi Kobusingye akacheka. "Afande, punguza mwendo.
Rangi haipokei amri."

Mwezi wa pili akanikalisha kwenye hadubini,
dirishani, Mbarara ikipiga honi huko chini,
akasema neno moja: Lima.
Anzia ukingoni, shuka, sogea kidogo, panda,
tuta lipakane na tuta.
Anayeruka tuta, njaa yake huliwa na mwingine.

Nikalima. Seli za juujuu, pana, nyembamba
kama chapati za muuza roleksi wa getini,
kiini katikati, punje moja ya ulezi.
Maelfu. Shingo ikawa gogo.
Umeme ulipokatika tukaitoa hadubini ya zamani,
tukakigeuza kioo chake kuelekea jua, tukaendelea.
Usiku nikifumba macho bado zilipita,
kushoto, kulia, kushoto.

Slaidi ya mia tatu na tisa niliiandikia: salama.
Akaitazama saini yangu, hakuitazama slaidi.
"Rudi. Pembe ya kulia, chini, karibu na gundi."

Zilikuwepo. Tano, zimebanana,
viini vimevimba hadi vimekula nyumba nzima,
vyeusi, kingo zimeparuzika,
kama watu walionyamaza ghafla mlango ulipofunguliwa.

"Kuna mwingine aliyezikosa?" nikauliza,
nikitafuta mwenzangu wa aibu.
Akaifuta lenzi, ingawa ilikuwa safi.
"Slaidi hiyo ina miaka kumi na minane.
Geuza fomu, soma saini ya kwanza."
Ilikuwa yake.
Sikuuliza yule mama aliishia wapi.
Tukanywa chai. Haikuwa na sukari, na hakuna aliyeinuka kuifuata.

Leo Ijumaa, saa kumi na moja kasoro,
wenzangu wameshavua makoti,
nimeweka nukta ya wino juu ya slaidi,
ndogo, kichwa cha sisimizi.
Niseme kweli: kwanza nilifurahi.
Nimeziona! Mimi, peke yangu, bila kuonyeshwa!
Nikapiga meza kwa kiganja.
Kisha nikaivuta fomu.

Umri: thelathini na minne.
Watoto: watano.
Kijiji: ng'ambo ya Rwizi, jina limelowa, halisomeki.
Simu: ya jirani.

Daktari ataisoma Jumatatu. Si mimi nitakayepiga.
Kazi yangu inaishia kwenye nukta,
hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na ni sawa.

Lakini wikendi nzima nitatembea na huyo jirani.
Namwona anaanika maharage uani,
simu iko juu ya kizingiti cha dirisha,
chaji imebaki mstari mmoja,
mtoto anaichezea.
Wewe nisiyekujua jina, mnyang'anye mtoto simu.
Itie chaji, hata kama ni ya kulipia dukani.
Na namba ngeni ikiita Jumatatu,
usidhani ni matapeli,
pokea,
kisha vuka ua, mbio,
ukamwite.