Mshahara wa Machi, Aprili na Mei

Shamba la maua lilipofungwa kule Kikondo
mwenye mali aliondoka usiku, gari bila taa,
akatuachia miezi mitatu kwenye daftari.
Wenzangu waliwahi. Tumwene alibeba mpira wa kumwagilia,
Asajile aling'oa mlango wa stoo pamoja na bawaba zake,
Nsajigwa akapata mikasi saba na toroli lisilo na gurudumu.
Mimi nilichelewa, mtoto alikuwa na homa.
Nilikuta kreti moja, na ndani, juu ya maranda,
mizizi mitatu kama buibui waliokufa chali.

"Mkia wa mbweha," alisema mlinzi.
"Ua refu kuliko wewe. Likikubali."
Nikaitia kwenye kanga kama mayai,
maana vidole vyake huvunjika kama chaki,
na njiani nikaipa majina ya deni:
Machi. Aprili. Mei.

Isyonje hatupandi kitu kisicholiwa.
Gwantwa aliacha kupalilia viazi vyake
akanitazama nikichimba shimo pana kama ungo,
nikimwaga zile kokoto za mlima zinazoelea majini,
nikifinyanga kichuguu katikati
na kukalisha mzizi juu yake, miguu imetandazwa pande zote,
kama kuku anayetamia.
"Unazika nini?"
"Mshahara."
Alicheka mpaka akakohoa.

Machi alioza mwaka uleule.
Sikujua bado: anapenda baridi, hapendi kulowa,
na masika ya kwetu hayabishi hodi.
Aprili alikuwa riziki ya fuko;
nilikuta handaki safi, limekatwa kwa ustadi,
na kidole kimoja kilichosahauliwa.

Mei nikamwezekea bati,
kipande kilichobaki tulipojenga choo,
kimeegemea matofali mawili,
kuanzia Desemba hadi mwezi wa jina lake.
Juni nikaliondoa. Alale nje.
Sakitu ilipopiga, viazi vya Gwantwa viliungua majani,
yeye akashika kiuno,
nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kimoyomoyo
kuona weupe umetulia juu ya kichuguu kama chumvi.

Mwaka wa kwanza, kimya.
Wa pili, majani tu, kama ya kitunguu kilichokosa malezi.
Wa tatu, Oktoba, ukachomoza mkuki.

Kwenye mwimo wa mlango nina alama za mkaa,
kimo cha Lugano kila Krismasi.
Nikaanza kumpima na Mei.
Tarehe tisa alimpita mtoto.
Tarehe ishirini akanipita mimi,
na Lugano akauliza kama atafika kwenye paa
na kama paa litabidi litobolewe.

Halafu akafunguka, kuanzia chini,
rangi ya kiini cha yai la kienyeji.
Pete moja leo, pete moja kesho kutwa;
ya chini imekwisha kusinyaa
wakati ya juu ingali shanga za kijani.
Nikasema: kumbe na yeye analipa kwa awamu.

Mwenye nyumba ya wageni wa Uyole alitoa elfu kumi na tano
nimkatie, aweke mapokezi.
Nilizihesabu pesa zile kwa macho.
Sikukata. Hata leo siwezi kueleza vizuri kwa nini,
na mafuta ya taa yalikuwa yameisha.

Jioni Gwantwa alikuja na kigoda chake.
"Nimekuja kuona mshahara," akasema, akakaa,
na hakucheka.

Sasa majani yamekauka yote, ungedhani amekufa.
Nilipofukua kidogo, kwa vidole, nikakuta vichwa viwili
vinasukumana kwenye shingo moja.
Wa pili nimempa jina Juni,
mwezi ambao sikumfanyia mtu yeyote kazi.
Gwantwa anamtaka. Nimemwambia asubiri,
aanze kwanza kukusanya kokoto.

Nimechomeka vijiti viwili na kufunga kitambaa chekundu.
Lugano, ukipita hapo na jembe,
zunguka.