Pembe Tatu

Usitazame, mama alisema,
bondeni kila kitu ni kijani, na kila kijani kina uongo wake.
Chuma bua, lisokote kwa dole gumba na cha shahada.
Likiviringika, ni nyasi, waachie ng'ombe.
Likikwama, likakwama, likakwama tena,
hiyo ndiyo ndago.

Nikasokota. Pembe moja, ya pili, ya tatu.
Nikalamba kidole: chumvi.

Iko ndago ya konde, hiyo tumekua tukigombana nayo,
vijiazi vyake vyeusi tukivianika jiweni vife kabisa,
maana kimoja kikisahauliwa huzaa ukoo.
Hii ni nyingine. Hii ya Kengeja, nyuma ya mikandaa,
ndefu, kichwa hudhurungi kama kahawa iliyochujwa vibaya,
husimama kwenye tope lililoua kila kitu
ikanywa kisichonyweka.

Mwaka bamvua lilipobomoa tuta
mpunga uliungua bila moto.
Jaluba la Kazija ndilo la chini, ndilo lililotangulia:
supa yake ikawa manjano, kisha nyeupe,
kisha Kazija akaacha kuja.
Ndago haikubomoa kitu. Ilikuja baadaye,
ikipiga hodi jaluba kwa jaluba,
na penye utupu hodi hujijibu karibu.

Kila mwaka, mavuno yakishapita,
mama hukata kijiti cha mkandaa
na kukichomeka pale ilipofika.
Alikuja bwana wa kilimo kutoka Wete na waya wake,
akauchovya topeni, akasoma namba, akaguna.
Mama akamwambia:
Hiyo ndago imeshaisema tangu Rajabu.

Hang'oi. Nilidhani amechoka.
Nilipoinama kuing'oa alinishika kiwiko:
mizizi ile imeshika tope, na tope limeshika tuta,
na tuta, mwanangu, limeshika nini?
Akanyamaza, akaitazama supa yetu
ilivyoanza kuinamisha vichwa.

Vijiti sasa ni saba.
Jana alinituma nikapime kwa hatua,
kutoka kile cha saba mpaka kizingiti cha jiko.
Nilipata arobaini na moja.
Nikarudi nikasema sitini.

Alikuwa akipepeta, hakuinua uso.
"Miguu yako," alisema,
"imekuwa mifupi leo."