Bundi wa Tola Moja na Nusu

Jumapili hadi Alhamisi nahesabu noti benki, Ruwi,
karatasi zenye jasho la watu nisiowajua.
Ijumaa naendesha gari hadi Nizwa,
napita mnada wa mbuzi, vumbi likinipanda buibui,
naingia kwa Mundhir anayenunua fedha kwa tola:
vikuku vilivyopinda, ala za majambia,
riale za Maria Tereza ndani ya ndoo ya plastiki
kama ndimu zilizochumwa.

Humo ndimo nilimomkuta.
Kichwa kanielekezea mimi, mwili ubavu,
kama jirani aliyeitwa jina akiwa njiani.
"Hicho kimetoka kwenye kidani cha bibi harusi," alisema Mundhir.
"Kizito, lakini sura mbaya. Tola moja na nusu, kasoro kidogo."
Akapima. Nikalipa uzani.
Nilichokijua sikumwambia.

Usiku, chini ya taa ya jikoni, nikamsoma:
herufi tatu za Kiyunani, tawi la mzeituni,
na nyuma ya shingo mwezi mwandamo,
mwembamba kama ukucha wa mtoto.
Upande wa pili mwanamke mwenye kofia ya vita,
anatabasamu, na shavuni ana jeraha la patasi:
kuna mtu, zamani, pwani hii au ile, hakuamini.
Alitaka kuona ndani.
Ndani alikuta fedha.

Athene waliichimba kwa mikono ya watumwa,
wakawalipa wapiga makasia wa vita.
Nani aliileta huku, sijui.
Nadhani ubani ulipanda kaskazini
na hiki kikashuka badala yake, mkono kwa mkono,
kila mkono na shaka yake.
Lugha yetu haikuona haja ya maneno mawili:
ya mgodini fedha, ya mfukoni fedha.

Mama akaja kunywa maji. Akavaa miwani.
"Bundi! Ndani ya nyumba yangu!
Ghaniya, kwetu Wete huyu akilia juu ya paa
watu wanatafuta sanda. Wewe unamnunua?"
Nikamweleza: kwa Wayunani wale
bundi alikuwa ndege wa hekima.
"Na hao Wayunani wako wapi leo?"

Sikuwa na jibu. Akamgeuza, kidole kikasimama kwenye jeraha.
"Hii chale kachanjwa na nani?"
"Mnunuzi, mama. Alikuwa anajaribu."
Akakaa kitako. Maji hakuyanywa.
"Mwaka ule wa kuondoka, vikuku vya mama yangu
vilikatwa hivi hivi, mezani, mbele yetu, watoto tunatazama."
Kimya.
"Vilikuwa vya kweli," akasema.

Tumepatana. Anakaa kwenye kisosi karibu na chetezo,
kifudifudi: mwanamke juu, bundi chini.
Mama akilala mchana namgeuza kidogo
apate hewa.
Juzi nilikuta kashageuzwa.
Sikuuliza.